Neno la Muuguzi ni Nusu ya Dawa

Mama mmoja wa Pongwe aliapa kuwa hatakanyaga tena hospitali kwa ajili ya kujifungua. Hakurudishwa na tangazo wala amri. Alirudishwa na muuguzi aliyeketi naye mkekani, akamsikiliza.

Mpenzi msomaji, ukitoka Tanga mjini kwa barabara iendayo Muheza na Segera, kabla hujamaliza kilomita 20 utafika Pongwe. Ni mahali ambapo mji na shamba vimekutana. Kuna kiwanda cha saruji, kuna mashamba ya mkonge, kuna reli ya zamani ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Muheza mwaka 1896. Wabondei, Wadigo na Wasambaa wanaishi hapa pamoja na watu wa makabila mengine waliokuja kutafuta kazi na wakabaki. Kituo cha afya kipo, na mgonjwa anayezidiwa hupelekwa Bombo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, iliyopo mjini.

Kwa hiyo mtu angeweza kusema kuwa mama wa Pongwe hana sababu ya kujifungulia nyumbani. Barabara ipo, gari lipo, kituo kipo. Hata hivyo, tulipokaa na akina mama wa kitongoji kimoja cha pembeni siku ya kliniki ya mkoba, tulijifunza kuwa kuna umbali mwingine usiopimwa kwa kilomita. Ni umbali ulioko kati ya mama na mhudumu anayemwogopa.

CHINI YA MWEMBE

Kliniki ya mkoba ni ile huduma ambayo wauguzi wanafunga chanjo katika kasha la barafu, wanachukua mizani, kadi na vidonge, kisha wanawafuata watu huko waliko. Siku hiyo mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye tawi la mwembe. Watoto walikuwa wakivalishwa kile kibukta cha kupimia, mmoja baada ya mwingine, na wengi walikuwa wakilia kabla hata hawajaguswa. Akina mama walikaa juu ya mikeka na khanga, kadi za kliniki mikononi.

Katikati yao alikuwapo mama mmoja, wa umri wa miaka 30 hivi, mwenye mtoto wa kiume wa miezi 7. Jina lake tunalihifadhi. Alitusimulia habari zake kwa sauti ya chini, huku akimbembeleza mtoto.

Mimba yake ya kwanza alijifungulia hospitalini, katika mji mwingine, mbali na hapa. Alifika usiku, uchungu umeshika. Hakumjua mtu. Alipolia aliambiwa anyamaze, maana wakati wa kuitafuta mimba hakulia. Alipoita hakuitikiwa. Alilala kitanda kisicho na pazia, na watu waliokuwa wakipita koridoni walimwona alivyo. Mtoto alizaliwa akiwa mzima, nashukuru Mungu, alisema. Lakini alitoka pale na neno moja moyoni: sirudi.

Basi miaka ikapita, akaolewa na kuhamia Pongwe. Alipopata mimba ya pili alikwenda kliniki mara moja tu, akapewa kadi, akaishia hapo. Alikwisha kupatana na bibi mmoja, mkunga wa jadi, kwamba siku ikifika atajifungulia chumbani kwake. Mume hakuulizwa. Mama mkwe aliunga mkono, kwa kuwa yeye mwenyewe watoto wake wote aliwazaa nyumbani.

Mwezi wa nane, mhudumu wa afya wa kitongoji alipita nyumba kwa nyumba. Alimkuta mama huyu ameketi kizingitini, miguu na uso vimevimba, akilalamika kichwa kinamuuma tangu juzi. Hakumgombeza. Alimwomba tu akubali kuonana na muuguzi wa kliniki ya mkoba iliyokuwa inakuja kesho yake, akamwahidi kuwa atakuwepo.

Kesho yake muuguzi alimpima presha, akaipima tena. Ilikuwa juu sana. Alipima na mkojo, akaona kuna protini. Mama alisubiri maneno makali. Alijua atakavyoulizwa: ulikuwa wapi miezi yote hii? Lakini muuguzi alivuta mkeka, akaketi, akamwuliza kwa upole, "Mama, kitu gani kilikuzuia kuja?"

"Sijawahi kuulizwa hivyo," mama alituambia. "Nikalia. Nikamweleza yote."

Muuguzi yule hakutoa udhuru kwa niaba ya wenzake, wala hakusema kuwa mama anatia chumvi. Alimwomba radhi. Kisha alimweleza kwa lugha nyepesi kwamba presha ya namna ile ndiyo inayoleta kifafa cha mimba, na kwamba kifafa kikija nyumbani, hakuna mkunga wa jadi mwenye dawa yake. Akatembea naye mpaka nyumbani, akamwamkia mama mkwe, akakaa naye pia. Mume akapigiwa simu kazini. Jioni ile mama alikuwa Bombo. Alichomwa sindano za kuzuia kifafa, na siku iliyofuata mtoto akazaliwa.

Leo mtoto huyo anapimwa uzito chini ya mwembe. Tulipomwuliza mama ni dawa gani iliyomponya, alidhani tunamtania. Kisha akasema, "Ile ya kwanza ilikuwa kuulizwa."

MAMA HUSEMA UKWELI AKIWA KWAKE

Wasomaji wengine watasema hiki ni kisa cha mtu mmoja. Lakini Mkoa wa Tanga una ushahidi wake mkubwa juu ya jambo hili.

Mwaka 2011 na 2012, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani waliwahoji akina mama waliojifungulia katika vituo 8 vya mkoa huu. Mradi wao waliuita Staha, na jina hilo halihitaji maelezo. Akina mama 1,779 waliulizwa walipokuwa wanatoka kituoni kama kuna lolote baya walilotendewa. Karibu 19 katika kila 100 walisema ndiyo.

Kisha watafiti wakafanya jambo la busara. Waliwafuata baadhi ya akina mama hao majumbani, wiki 5 hadi 10 baada ya kujifungua, wakawauliza tena. Safari hii waliosema ndiyo walifika 28 katika kila 100. Malalamiko yaliyotajwa zaidi yalikuwa kupuuzwa, kufokewa, na kuambiwa maneno ya kudharau au ya vitisho.

Tafakari, ndugu msomaji. Mama akiwa bado mlangoni mwa hospitali, amechoka, ana kichanga mikononi, anafurahi kuwa yu hai. Pengine anaogopa pia, maana atarudi pale kwa chanjo. Hasemi. Akifika kwake, akioga, akikaa na dada zake, ndipo maumivu yanapopata maneno. Hospitali ambayo haitoki nje ya ukuta wake haiwezi kuyasikia maneno hayo. Itadhani mambo ni shwari, na itashangaa kwa nini akina mama wa kijiji fulani hawaji.

Ndiyo maana tunasema kwamba kliniki ya mkoba na ziara za majumbani zina kazi ya kupeleka chanjo, na pia zina kazi ya kusikiliza. Muuguzi wa Pongwe asingemjua mama yule kama angebaki ofisini akingoja.

MAPAZIA NA CHAI YA USIKU

Sasa tusiwe wepesi wa kuwahukumu wauguzi. Wengi wetu tuna dada, binti au shemeji katika kazi hiyo, na tunajua wanavyorudi nyumbani. Muuguzi mmoja aliyekuwa pale chini ya mwembe alitueleza zamu za usiku alizowahi kufanya akiwa kijana: yeye peke yake, akina mama kadhaa wenye uchungu kwa wakati mmoja, glovu zinahesabiwa, hajala tangu mchana. "Mtu akikuita mara ya kumi," alisema, "si kwamba humpendi. Huna mikono. Halafu mdomo unateleza." Hakulisema hilo kwa kujitetea. Alisema kuwa yapo maneno aliyowahi kuyatoa ambayo mpaka leo yanamsumbua akilala.

Watu wa mradi wa Staha walilielewa jambo hilo. Hawakuanza kwa kutafuta wa kumfukuza kazi. Waliwakutanisha wananchi na watumishi wa afya, wakazungumza kwa pamoja juu ya mkataba wa huduma: mama ana haki gani, na mtumishi naye ana haki gani. Kisha watumishi wa hospitali iliyochaguliwa wakajiuliza wenyewe ni mambo gani madogo wanayoweza kubadili.

Waliyoyabadili ni ya kawaida kabisa. Mapazia yalifungwa ili mama anapopimwa na anapojifungua asitazamwe na kila apitaye. Mapokezi ya mama yakahamishiwa mahali pa faragha. Dawa zilizokwisha zikaandikwa ukutani, ili mgonjwa asidhani kuwa nesi anamficha. Akina mama wakaulizwa maoni yao kabla ya kuondoka. Watumishi walio zamu wakapatiwa chai. Nao wakajifunza kukumbushana wao kwa wao, mwenzao anapopandisha sauti.

Mwaka 2015 akina mama waliulizwa tena. Ikaonekana kuwa, ikilinganishwa na hospitali ambayo haikuwa katika mpango huo, uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulikuwa umepungua kwa takriban theluthi mbili. Kupigwa na kutelekezwa ndiyo mambo yaliyopungua sana. Hapakujengwa jengo jipya. Pazia, chai na kuambiana ukweli vilitosha kuanzia.

Somo hapa ni kwamba huruma si zawadi ambayo wauguzi fulani wamezaliwa nayo na wengine hawana. Huruma inahitaji kutunzwa. Mtumishi anayethaminiwa huwa na cha kumpa mgonjwa. Tunapokumbuka mfano wa Msamaria Mwema tunapenda kukumbuka moyo wake, lakini tusisahau kuwa alikuwa pia na mafuta, divai, punda na fedha za kumlipa mwenye nyumba ya wageni. Alikuwa na moyo na alikuwa na vifaa.

MAGONJWA YANAYOJIFICHA UVUNGUNI

Uzazi si jambo pekee linalowafanya watu wajifiche. Sisi wa pwani tunayajua matende na mabusha. Ni magonjwa yanayotokana na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, nayo huchukua miaka mingi kabla hayajaonekana. Mtu mwenye mguu uliovimba huacha kwenda harusini, huacha kwenda kanisani au msikitini, na mwisho huacha kutoka nje. Mwanaume mwenye busha hamwambii hata mkewe kuwa linamuuma.

Tanzania ilianza kampeni ya kutokomeza magonjwa hayo mwaka 2000, kwa kugawa dawa kisiwani Mafia. Mkoa wa Tanga ulifikiwa mwaka 2004. Kila mwaka watu walipewa vidonge vya ivermectin na albendazole na wagawa dawa waliotoka miongoni mwao wenyewe. Kampeni hiyo iliongozwa na Dakta Mwele Malecela, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kisha akawa mkurugenzi wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani, hadi alipofariki dunia mwaka 2022. Dada zetu wanapouliza kama mwanamke anaweza kuongoza kazi kubwa, jina lake ni jibu.

Vidonge vile huzuia maambukizi yasiendelee. Lakini mguu uliokwisha kuvimba unahitaji mkono wa mtu wa nyumbani: kuoshwa kila siku kwa maji safi na sabuni, kukaushwa vizuri hadi katikati ya vidole, kuinuliwa wakati wa kupumzika na kufanyishwa mazoezi mepesi. Michubuko itibiwe mapema. Utunzaji huo hupunguza sana yale mashambulizi ya homa na maumivu. Mabusha nayo hutibiwa kwa upasuaji. Sasa, ni nani atakayemwosha bibi mguu wenye harufu, kama si mtu aliyefundishwa na muuguzi ambaye mwenyewe hakuziba pua?

Jirani zetu wa Muheza nao wana historia ya namna hiyo. Hospitali Teule ya Mtakatifu Augustino, ambayo asili yake ni misheni ya Kianglikana ya Magila, ilianzisha huduma shufaa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hiyo ni huduma ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa ambao ugonjwa wao hauponi, kama wenye saratani, na kuwatembelea kwao. Ni wakati ambapo UKIMWI ulikuwa umejaza vitanda na dawa za kupunguza makali zilikuwa bado hazijawafikia wengi. Mtu aliyekuwa anangoja kufa peke yake, alifikiwa.

Saratani ya mlango wa kizazi nayo huwaua akina mama kwa sababu ya aibu. Ndiyo saratani inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania, na dalili zake huchelewa. Kuipima si kazi kubwa: mhudumu hupaka siki maalumu na kuangalia kama pana mabadiliko, na yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Wasichana wanachanjwa. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 wanaopewa ni wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja. Lakini mama hatapanda kitanda cha uchunguzi kama mara ya mwisho alichekwa. Hapo tena tumerudi kwenye neno la muuguzi.

TULIPOTOKA NA TULIPOFIKA

Tusikate tamaa, kwa maana yapo ya kushukuru. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa akina mama 63 katika kila 100 walijifungulia katika vituo vya afya. Mwaka 2022 walifika 81. Vifo vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti ule wa kwanza, na 104 katika huu wa pili. Kazi kubwa imefanyika.

Hata hivyo bado akina mama 19 katika kila 100 wanajifungulia nje ya kituo. Baadhi yao wako mbali na barabara. Baadhi yao, kama yule wa Pongwe, wanasikia kelele za magari kutoka chumbani kwao, lakini hawaendi. Hao hawataletwa na barabara mpya. Mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwafunza na kuwatumia wahudumu 137,294 katika miaka 5. Ombi letu ni kwamba katika mafunzo yao wasifundishwe kusema tu. Wafundishwe kuuliza, na kunyamaza wakisubiri jibu.

MAMBO YA KUKUMBUKA NYUMBANI

Wauguzi wa kliniki ya mkoba walituomba tuwafikishie wasomaji mambo yafuatayo. Kata ukurasa huu, ubandike jikoni.

Kwa mama mjamzito:

1. Anza kliniki mapema, kabla ya wiki 12. Nenda na mumeo. Usisubiri tumbo lionekane.

2. Tumia dozi za SP za kuzuia malaria kama utakavyoelekezwa kliniki, na lala ndani ya chandarua chenye dawa kila siku.

3. Kimbilia kituoni mara moja, usiku au mchana, ukiona moja ya haya: kutokwa damu, kichwa kuuma sana au kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, kuvunjika chupa kabla ya uchungu, au mtoto kupunguza au kuacha kucheza tumboni.

4. Mapema, wekeni akiba ya nauli, mjue gari la nani litakuchukua usiku, nani atakayekusindikiza, na nani anayeweza kuchangia damu.

Kwa mtoto:

5. Kichanga asiyenyonya, anayepumua kwa shida, mwenye mwili wa moto au wa baridi, mwenye degedege, au ambaye kitovu chake kinatoa usaha, asikae nyumbani hata saa moja.

6. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa malaria ndani ya saa 24. Akikutwa nayo, apewe dawa mseto na amalize dozi yote, hata kama amekwisha kuchangamka.

7. Usiache kupeleka mtoto kupimwa uzito baada ya chanjo kwisha. Mstari wa kadi unaoshuka huonyesha hatari kabla jicho halijaiona.

Kwa mume, mama mkwe na ndugu:

8. Mama akisema "sitaki kwenda", msimgombeze. Mwulizeni kwa nini. Huenda ana kidonda ambacho hajawahi kukionyesha.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Akina mama wa makanisa, sisi tunaopika, kushona na kuchangishana kila mwezi, tuna nafasi hapa. Kwenda kutazama wagonjwa ni desturi yetu, na mara nyingi tunabeba sabuni na matunda. Ni vema. Lakini tumewahi kuingia leba na kuangalia kama kuna mapazia? Kikundi chenye cherehani mbili kinaweza kushona mapazia ya wodi moja kwa siku chache. Tumewahi kupeleka chupa ya chai na mkate kwa wauguzi wa zamu ya usiku? Tuanze kwa kumwona muuguzi mkuu na kumwuliza kinachohitajika, tusije tukapeleka tunachotaka sisi.

Na ukitendewa vibaya, usinyamaze. Usitukane, maana matusi hayajengi. Uliza jina la mhudumu kwa heshima, nenda kwa muuguzi mkuu au mganga mfawidhi, tumia sanduku la maoni, mweleze mwenyekiti wa mtaa wako. Mwaka 2011 Muungano wa Utepe Mweupe, unaotetea uzazi salama duniani, ulitoa tamko la haki za mama anapojifungua. Haki ya kutopigwa na kutotukanwa, haki ya faragha, na haki ya kutotelekezwa zimo. Ukitendewa wema pia usinyamaze. Rudi ukaseme asante. Wakoma waliponywa 10, akarudi mmoja, na wauguzi wetu wanajua hesabu hiyo vizuri.

Jua lilipoanza kuwa kali, mizani iliteremshwa, kasha la chanjo likafungwa. Muuguzi alihesabu kadi zake na kukuta mama mmoja aliyetazamiwa hakuja. Ni binti wa miaka 17, mimba ya kwanza, anaishi na shangazi yake upande wa pili wa reli. Wauguzi walikuwa wamechoka, na gari lilikuwa linangoja.

"Nitampitia," alisema mhudumu wa kitongoji.

Yule mama mwenye mtoto wa miezi 7 alikwisha kufunga mbeleko na kujitanda khanga. Alisikia, akageuka. "Ngoja twende wote, dada," alisema. "Mimi nitamwambia vizuri."

Tuliwaona wakivuka reli pamoja, wanazungumza, mtoto amelala mgongoni.